Doti Mbili za Namna Moja

Wenzangu wa chumba cha walimu, nilianza kuwasimulia habari hii Jumatatu asubuhi, vumbi la treni likiwa bado kwenye viatu vyangu, na kengele ikalia nilipofika Muleba. Kesho yake nikafika Bukoba, kengele ikalia tena. Kwa hiyo nimeiandika yote katika daftari hili. Pokezaneni, na mkimaliza mnirudishie, maana nyuma yake kuna maandalio yangu ya darasa la sita.

Mnajua nilitoka hapa Tabora kwenda nyumbani Buganguzi kwa ajili ya Krismasi. Ya treni na meli nitayaacha, kila mmoja wenu ameshasafiri hivyo na hakuna jipya la kumwambia. Ninayotaka kuwaeleza ni safari ya kwenda Bukoba kununua nguo za sikukuu, mimi na mama yangu. Ilipangwa kuwa ya siku moja.

Mama yangu anaitwa Generoza. Kwetu mama tunamwita Mae, nami nitamwita hivyo humu. Mwaka aliozaliwa haujui. Nywele zake ni nyeupe zote, goti lake la kushoto huanza kuuma siku moja kabla ya mvua, na baba yangu amemwachia ujane wa mwaka wa tatu sasa.

Buganguzi hadi Muleba, kwa miguu

Nilimsihi abaki nyumbani, niende peke yangu. Alikuwa anafunga ndizi zilizopikwa katika jani la mgomba, wala hakuinua macho.

"Wewe utanunua," alisema. "Mimi nataka kuchagua."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, umande ungali unadondoka migombani. Mae alivaa khanga yake iliyopauka na kushika fimbo. Kikapuni mlikuwa na zile ndizi, chupa ya maji, na vifurushi vidogo vya akamwani, yaani kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na maganda yake na kukaushwa, ambayo mgeni hupewa kabla ya neno lolote.

Kwa mwendo wa kawaida ningefika Muleba kwa saa mbili. Tulitumia saa nne, wala lawama si za goti. Kila mlango uliokuwa wazi ilibidi Mae asimame. "Kasinge waitu," angeanza, salamu yetu ya heshima, kisha angeuliza habari za mbuzi, za kahawa iliyoanikwa, za mtoto aliyekuwa anakohoa tangu Jumapili. Nyumba moja aliingia ndani kumwona mzazi, akatoka baada ya nusu saa akiwa amemwogesha mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama njiani kama mzigo uliosahauliwa.

"Mae, tutalikosa gari."

"Gari litakuja lingine. Huyu mtoto hazaliwi tena."

Waliposikia anakwenda Bukoba, watu walimwagiza vitu. Mzee mmoja alitaka betri za redio. Mwanamke mwingine alitaka sindano ya cherehani, namba aliyoitaja mara moja tu. Mwingine alitaka dawa ya macho. Nilitoa kalamu niandike, Mae akanitazama kwa huruma. Aliyaweka yote kichwani, na baadaye mjini aliulizia kila kimoja, namba ya sindano ikiwa sahihi. Mimi nafundisha watoto kukariri, na sijapata mwanafunzi wa namna hiyo.

Muleba

Duka la ushirika la Muleba lilikuwa wazi. Rafu zote zilijaa, kutoka sakafuni hadi darini, kitu kimoja tu: dawa ya viatu, nyeusi. Sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, nguo haikuwepo. Mae, ambaye alikuwa peku, aliyatazama yale makopo yalivyong'aa, akamwambia mwuzaji kwa utulivu kabisa, "Hongera, ndugu. Umezipanga vizuri."

Mwuzaji alicheka mpaka akatoka nje kutusindikiza. Ndiye aliyetuambia khanga zimeshuka Bukoba juzi, katika duka kubwa la serikali, na kwamba hazitafika Muleba kabla ya sikukuu. Ndiye pia aliyemsimamisha dereva wa lori la kahawa lililokuwa linakwenda kiwandani, maana basi la asubuhi lilikuwa limekwisha pita wakati sisi tukiogesha mtoto wa watu.

Muleba hadi Bukoba, juu ya magunia

Dereva alikuwa Msukuma, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alimpisha Mae kabinini na kunionyesha mimi magunia. Dirisha la nyuma la kabini halikuwa na kioo, kwa hiyo nililala kifudifudi juu ya kahawa, nikawa nasikia kila kitu.

Nilichosikia kwanza kilinishangaza. Mae alikuwa anazungumza Kiswahili. Miaka minne iliyopita, nilipoondoka nyumbani, Kiswahili chake kilikuwa "karibu" na "asante". Sasa alikuwa anamwuliza dereva habari za mvua za kwao, za ng'ombe, na kama mke wake ana mama. Alikosea hapa na pale, lakini hakusita. Nikafikiri kwamba labda redio ya jirani imemfundisha.

Baada ya Muhutwe alimpa dereva punje za akamwani. Kisha nikasikia dereva akiomba maji.

"Umezimeza?" Mae akauliza.

"Nimezimeza zote, mama. Ni dawa ya nini?"

Mae akamweleza kwamba si dawa, ni kahawa, hutafunwa taratibu na makapi hutemwa. Dereva akasema mbona hakuambiwa. Mae akasema mbona hakuuliza. Wakacheka wote wawili, na kuanzia hapo hadi Bukoba dereva alimwita mama mkwe. Tulipoanza kuteremka kuelekea mjini, ziwa likiwa limetandazwa chini yetu hadi macho yanapoishia, Mae alimwomba apunguze mwendo.

"Kwa nini, mama mkwe?"

"Mwanangu yuko juu. Huko anakokaa hakuna ziwa. Mwache aone."

Bukoba, katika foleni

Foleni ya khanga ilianzia mlangoni, ikapita maduka matatu na kukunja kona. Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka baada ya mvua, na barabara inatoa mvuke. Tangazo lililobandikwa ukutani lilisema kila mtu doti moja. Tulijipanga mwishoni.

Mbele yetu alikuwa mwanamke kijana, Evodia, mke wa seremala, anayekaa Kashai katika chumba cha kupanga. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na miguu imevimba. Mae alimtazama kwa muda, akasema, "Nipe huyo." Akamfunga yule mtoto mgongoni mwake mwenyewe na kumwambia Evodia akae kibarazani, nafasi yake itasogea. Alimbeba saa mbili na nusu. Mtoto alilala, akaamka, akamlowesha, akalala tena. Nilipotaka kumpokea, Mae alisema mimi nina mgongo wa ubaoni, mtoto atakesha macho.

Mzee wa kulinda foleni alimwita Mae apite mbele kwa sababu ya umri. Alishukuru, akakataa. "Hawa nao wana miguu," alisema.

Ilipofika zamu yetu ilikuwa karibu saa kumi. Mwuzaji alikuwa mama wa makamo, amefunga kitambaa kichwani kama anayeumwa. Alitangaza kwa sauti iliyochoka kwamba anayetaka khanga sharti achukue na pakiti moja ya ndoano za kuvulia samaki. Sisi ni watu wa migomba. Lakini sharti ni sharti.

"Nataka doti mbili," Mae akasema. "Za namna moja. Moja kwa zamu yangu, moja kwa zamu ya huyu binti."

Moyo wangu ulifurahi. Nilidhani Mae anataka tuvae sare, mimi na yeye, twende kanisani.

"Za namna moja ni shida," mwuzaji alisema. "Chukueni doti moja mgawane. Kipande wewe, kipande yeye."

"Nusu doti ni ya kubebea mtoto, ndugu. Haiendi kanisani."

Mwuzaji alipekua. Kulikuwa na ya kijani nzuri sana, moja tu. Ya bluu, moja. Mwisho akavuta doti mbili nyekundu zenye maua meusi na pindo jeupe, mpya, zinanukia kiwanda. Uso wa Mae ulikunjuka.

"Hizi," alisema. "Paskazia anapenda nyekundu."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Paskazia ni mke wa pili wa baba yangu. Nilikuwa na miaka tisa baba alipomleta kutoka Kimwani, akamjengea nyumba upande wa chini wa kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba. Baba alizuiwa kupokea komunyo tangu siku hiyo. Mae alibaki nyumba ya juu na sisi watoto wanne. Krismasi ya mwaka ule Paskazia alipita mbele ya mlango wetu amevaa khanga mpya, na Mae alikwenda kanisani na ya zamani. Tangu hapo wanawake wale wawili waliishi miaka mingi bila kusalimiana, na mimi niliendelea kutomsalimu Paskazia hata baada ya baba kufa. Nilikuwa sijawahi kumwita mwanamke yule kwa jina lolote.

Na sasa zamu yangu ya foleni ilikuwa inamnunulia yeye.

Mwuzaji alitandaza khanga mezani. Mae akagusa maandishi ya pindoni kwa kidole.

"Imeandikwa nini?"

Nikasoma kimoyomoyo. Maandishi yalikuwa hivi: ULITAMANI CHANGU, CHAKO KIKO WAPI?

Nawaeleza ukweli, maana hakuna faida kuandika uongo katika daftari langu mwenyewe. Nilifurahi. Nilimwona Paskazia akiifungua, akiisoma au akisomewa na wengine njiani. Nikaona kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeipanga kazi ile, mimi nibaki kunyamaza tu.

"Imeandikwa 'Mungu ni mwema'," nilisema.

Mwuzaji alinitazama. Mae naye alitazama pindo, kidole chake kikasogea taratibu.

"Maneno marefu hayo," alisema. Kisha akazikunja zote mbili, akachukua na ndoano zake, akamshukuru mwuzaji na kumwombea sikukuu njema.

Kashai

Basi la jioni lilikuwa limeondoka. Tulisimama stendi na doti mbili, pakiti mbili za ndoano, betri, na sindano ya cherehani, wala hatukuwa na pa kulala. Evodia ndiye aliyetukuta pale. Alikuwa ametutafuta, kwa sababu Mae aliondoka na kofia ya mtoto wake mgongoni.

Alituchukua hadi Kashai. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, na meza nzuri kuliko meza yoyote ya shule yetu, kazi ya mume wake. Mume alitusalimu kwa kuinama, akaenda kuomba malazi kwa jirani ili sisi tulale kwake. Evodia aliweka ndizi na maharage, na sahani ya senene waliokaangwa, wale panzi wetu wa kuliwa, kwa kuwa ndio msimu wao. Mae alipokuwa msichana wanawake waliwaokota senene na wanaume wakawala. Aliwala mmoja mmoja, kwa heshima, akiwa na uso wa mtu anayekusanya deni la zamani.

Evodia na mume wake ni Walutheri, na sala yao ya chakula ni ndefu. Mae alifanya ishara ya msalaba, akasema "Amina" mapema. Sala ikaendelea. Akasema "Amina" tena. Ya tatu ndiyo iliyopokelewa.

Wakati wa kula Evodia alimwuliza Mae kama mimi humwandikia barua.

"Huniandikia, nami namwandikia," Mae alijibu.

Nikacheka kidogo, nikamweleza Evodia kwamba kuna mtoto wa shule kijijini anayemwandikia.

"Si mtoto wa shule," Mae akasema. "Ni Paskazia."

Nilishika kijiko hewani. Mnaikumbuka barua ile niliyowasomea hapa, ya mbuzi aliyekula rozari ya katekista, mkaicheka wiki nzima? Iliandikwa na Paskazia. Na ile nyingine, iliyosema Mae amepona malaria, iliyonifanya nikae chini ya ubao mbele ya darasa na kulia? Ni Paskazia. Mae alinieleza taratibu, akiondoa miba ya maneno kama anayemchambulia mtoto samaki. Wakati wa malaria ile Paskazia alihamia nyumba ya juu. Alimkanda, akamlisha, akavuna kahawa yake na kuianika kabla ya kuvuna ya kwake. Yeye ndiye aliyesema mtoto wa Tabora lazima aambiwe. Kuandika alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, katika ofisi ya kijiji, kila alasiri baada ya shamba.

"Kila barua mwishoni ilikuwa na neno la sweta," nikasema. Ilikuwa kweli. *Vaa sweta, asubuhi za huko zina baridi.* Nilikuwa nimelipenda neno lile kuliko yote. Ndilo nililoliona kuwa sauti ya mama.

"La sweta si langu," Mae akasema. "Mimi hali ya hewa ya Tabora nitaijuaje? Alimwuliza mwalimu wa kisomo."

Sikumaliza chakula. Evodia alidhani senene hawakukaangwa vizuri.

Bukoba hadi Kemondo

Tuliondoka na basi la asubuhi. Evodia alitufungia chapati, Mae akambariki mtoto aliye mgongoni na yule asiyezaliwa bado. Nilikaa dirishani na zile doti mapajani. Zilikuwa nzito kuliko nguo.

Karibu na Kemondo tairi la nyuma lilipasuka. Spea haikuwepo. Utingo alikwenda kuitafuta, abiria wakatawanyika. Wengine walianza kulaumu, wengine wakalala majanini. Mae aliuliza ufuko uko upande gani, akachukua zile pakiti mbili za ndoano na kuteremka. Nilimfuata. Kulikuwa na wavuvi wawili wanakarabati nyavu. Aliwasalimu, akawauliza habari za kazi, wakamwambia kazi imesimama: samaki wapo, ndoano hazipatikani popote. Mae akafungua kiganja.

Tulirudi kwenye basi na sato wanne wakubwa, wamepitishwa kamba mdomoni. Jana yake foleni nzima ilinuna kwa ajili ya ndoano, na mwanamke mmoja alizitupa mtaroni mbele ya macho yetu.

Tulikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Mae alikuwa anakandakanda goti. Nikaona nisiposema pale, nitasema wapi.

"Mae, yale maneno ya khanga siyo niliyokuambia."

"Najua."

Nilidhani hakunielewa. "Hayasemi Mungu ni mwema."

"Mwana wange, najua. 'Mungu' inaanza na *ma mi mu*. Ndilo neno tulilofunguliwa nalo kisomo. Ile ya khanga inaanza na *u*." Akanyoosha mkono. "Ilete."

Akatandaza pindo magotini, akaweka kidole. "U-li-ta-ma-ni. Ulitamani. Cha-ngu. Changu." Sauti yake ilikuwa ile ya watoto wetu wa darasa la kwanza, iliyojaa hofu na fahari. Alifika mwisho, akarudia yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na alama ya kuuliza. Mama yangu alikuwa anasoma. Walikwenda kisomo pamoja, yeye na Paskazia, wakashirikiana kitabu kimoja kwa sababu vitabu vilikuwa haba. Mkono wa Mae unatetemeka, kwa hiyo mwandishi ni Paskazia. Msomaji ni yeye.

"Kwa nini ulinyamaza dukani?" nikauliza.

"Kuna watu nyuma yetu walikuwa wanasubiri. Na nilitaka kuona utaibeba mpaka wapi."

"Ningeweza kuibeba mpaka nyumbani."

"Ungeweza. Hukuweza." Akaikunja. "Basi yamekwisha."

Nikamwambia turudi Bukoba, tubadilishe, hata tuchukue mbili zisizofanana. Nikamwambia tukate pindo. Hakukubali lolote.

"Watu wakituona tumevaa wote wawili," alisema, "watajua nani anamwambia nani? Wataumia vichwa mpaka Pasaka."

Nyumba ya chini

Tulifika Buganguzi saa kumi jioni, jua bado liko juu ya migomba. Mae hakupanda nyumba yetu. Aliteremka moja kwa moja hadi nyumba ya chini, nami nyuma yake na samaki. Njia ile sikuwahi kuipita.

Paskazia alikuwa anachambua kahawa mkekani. Amezeeka kuliko nilivyomkumbuka, mwembamba, jino moja la mbele halipo. Aliponiona aliinuka haraka, akafuta mikono, akatafuta pa kuiweka. Mae akampa doti yake bila hotuba. "Sikukuu hiyo."

Aliifungua. Nikaona macho yake yakipita juu ya maua, yakateremka pindoni, yakasimama. Anasoma haraka kuliko Mae. Alisoma mara mbili, uso ukabadilika, akanitazama mimi, si Mae. Alijua chuki ile ilikokuwa inakaa.

"Zilikuwa hizo tu za namna moja," Mae akasema, akafungua na yake. "Soma na yangu."

Paskazia akasoma ya Mae. Akasoma tena yake. Kisha, taratibu, aligeuka kuelekea upande wa migomba, kati ya nyumba ya juu na nyumba ya chini, alipozikwa baba. Akanyoosha kidole.

"Chako kiko wapi?" akamwuliza Mae.

"Pale," Mae akajibu. "Na chako?"

"Pale pale."

Walianza kucheka. Mae alicheka mpaka akaegemea ukuta. Paskazia alifunika mdomo na khanga mpya, machozi yakashuka, na sikujua tena kama ni kicheko. Wakashikana mikono kama wasichana waliotoroka kazi. Mimi nilisimama na sato wangu wanne, nikajiona ndiye mzee kuliko wote pale.

Tulikula samaki kwenye nyumba ile, na ndizi zilizopikwa na Paskazia. Nilipomaliza aliniongezea bila kuniuliza.

Krismasi, na kuondoka

Siku ya Krismasi walikwenda kanisani bega kwa bega, nyekundu mbili zenye maua meusi. Niliwafuata kwa nyuma makusudi, nisome nyuso za watu. Kila aliyejua kusoma aliisoma khanga ya kwanza akatabasamu, akaisoma ya pili akakunja paji la uso. Mke wa katekista aligeuka mara tatu wakati wa mahubiri. Mwisho wa Misa alishindwa kujizuia, akamwuliza Mae khanga ile inamsema nani.

"Soma vizuri," Mae alimjibu. "Inauliza tu."

Niliondoka siku ya nne baada ya sikukuu. Walinisindikiza wote wawili hadi barabarani, Mae na fimbo yake, Paskazia na mzigo wangu kichwani, ambao alikataa kabisa niuguse. Ndani yake alikuwa ametia kahawa ile mliyoinywa jana, na sweta. Hakusema neno juu ya sweta.

Kwetu binti humuaga mama yake kwa kupiga magoti. Gari liliposikika kilimani nilipiga magoti mbele ya Mae, akanishika kichwa, akanibariki kwa Kihaya. Kisha nikageuka. Paskazia alikuwa amesogea kando kidogo, akitazama gari linakotoka, kama mtu ambaye amezoea kusimama kando. Nikapiga magoti mbele yake pale pale barabarani, nikamwita Mae.

Aliniinamia kwa haraka, akanishika viwiko. "Inuka," alisema. "Inuka, gauni lako jeupe, udongo huu ni mwekundu."

Utingo akapiga bati kunihimiza. Sikuinuka mara moja.